Landrova Mbili, Namba Moja

Mtu akikuambia gari lake ni orijino, usimbishie na usimkubalie. Muulize tu: orijino ya nani? Halafu nyamaza, umwache aongee. Katika miaka yote niliyouza spea za landrova hapa Isiolo, swali hilo limenisaidia kuliko sumaku, tochi na spana zangu zote zikiwekwa kwenye gunia moja.

Mwalimu wenu wa magari ndiye aliyenitafuta. Alisema vijana wake wanajua kuchomeka kompyuta kwenye injini na kusoma makosa, lakini wakiletewa gari la umri wa babu zao wanalizunguka kama mbuzi waliokuta nyoka. Akaniomba niandike ninachojua kuhusu gari kuukuu lililotengenezwa upya: utatambuaje kama ni lenyewe au ni la kubandikwabandikwa. Nikamuuliza nitapata nini. Akasema chai. Nikamuuliza chai na nini. Tukakubaliana chai na maandazi mawili, ndiyo maana mnasoma haya.

Tuanze na neno lenyewe. Kwenye duka langu orijino ilikuwa na maana tatu. Kulikuwa na spea iliyotoka kiwandani, bado imevaa karatasi yake ya mafuta. Kulikuwa na ile iliyong'olewa kwenye landrova iliyokufa. Na kulikuwa na ile iliyofuliwa na fundi wa jua kali wa hapa hapa mjini, ikakaa kwenye gari miaka mingi bila kulalamika mpaka gari likaizoea. Zote tatu niliziita orijino, kwa bei tatu. Mteja aliyejua kuuliza alipata ukweli. Asiyejua kuuliza alipata spea.

Sijivunii sana jambo hilo, lakini nimeanza nalo ili mjue anayewafundisha ni mtu wa aina gani.

Sasa niwape kesi moja, maana ndani yake mtapata karibu kila kitu ninachojua.

Isiolo ni mji wa barabara chache. Landrova mbili zenye namba moja haziwezi kuishi hapa muda mrefu bila kukutana. Asubuhi moja askari wa trafiki alisimamisha landrova ya kijani kwenye njia ya Merti, akatazama karatasi, akairuhusu ipite. Saa moja baadaye akaiona namba ile ile karibu na soko la mifugo, ila sasa gari lilikuwa na rangi ya maziwa. Aliniambia mwenyewe kwamba alidhani ni malaria. Kabla siku haijaisha akazikuta zote mbili kwenye kituo kimoja cha mafuta, moja pampu ya kushoto, nyingine pampu ya kulia, na madereva wake wamepeana mgongo.

Madereva hao walikuwa ndugu wa tumbo moja, Waturkana. Mkubwa ni Lokiru, mzee wa kanisa kule Oldonyiro, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwa limekasirika. Yeye ndiye mwenye ile ya rangi ya maziwa. Mdogo ni Esekon, anakaa hapa Wabera na anakula kwa usukani: anabeba watu, mbuzi na magunia kwenda Merti na kurudi kwa ile ya kijani. Baba yao, marehemu Mzee Ekal, alikuwa na landrova moja tu maisha yake yote. Alipofariki, wanawe wakaigawa.

Nimeandika wakaigawa na nataka msome tena. Hawakuiuza. Hawakupangiana siku za kuitumia. Waliigawa kama mbuzi wa sherehe. Lokiru, kwa kuwa ni kifungua mimba, alichukua chesi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, pamoja na ekseli na magurudumu. Esekon akachukua bodi, injini na giaboksi. Kile kitabu cha gari wakakitoa kopi, kila mtu na yake. Kisha kila mmoja akaenda kutafuta nusu iliyokosekana. Baada ya miaka kadhaa ya msasa na rangi kila mmoja akatoka na landrova nzima inayong'aa, kila mmoja ameifunga namba ile ile, na kila mmoja anaiita gari la baba.

Askari alikuwa na huruma, na aliwahi kupewa lifti na Mzee Ekal. Akawapa wiki moja. Leteni mtu anayejua, aseme lipi ni lenyewe. Lenyewe litabaki na namba. Lingine litavuliwa namba na lisiguse barabara tena. Mkishindwa, yote mawili yatalala kituoni. Wakaja kwangu, ingawa nilikuwa nimeshastaafu na duka nimemwachia binti yangu Makena.

Mwelewe uzito wake. Esekon akinyang'anywa namba, watoto wake hawali, maana hana ng'ombe wala shamba, ana usukani tu. Lokiru akinyang'anywa namba, atarudi Oldonyiro bila gari, na watu aliokuwa akiwaambia kanisani kwamba amelifufua gari la mzee watamwona akishuka kwenye pikipiki. Kwake ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba yeye si mtoto wa yule mzee. Na juu ya yote hawakuwa wakisemeshana, mwaka wa tatu huo, tangu kila mmoja alipoanza kuliita lake gari la baba. Waliketi kwenye benchi langu moja, katikati wameacha nafasi ya mtu wa tatu.

"Mama Makena," Lokiru akasema, "mwambie huyu kwamba chesi ndiyo gari. Hata serikali inajua."

Esekon alikuwa umbali wa mkono mmoja. "Mama, mwambie chesi haiendi kama haina injini. Avute hiyo chesi yake kwa punda."

Nikawa natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Nimefanya biashara na watu wa lugha zote za mji huu, Wasomali, Waborana, Wameru wenzangu, lakini ile ndiyo tafsiri iliyonichosha zaidi.

Mama yao alikuwa amekuja nao. Wote tunamwita Mama Lokiru. Nilimpa kiti cha plastiki kivulini na chai. Alinijibu habari, akanyamaza. Mkimwona mzazi amekuja kwenye jambo la gari na hasemi, msidhani kaja kunywa chai.

Kazi hii nilifundishwa na Galgalo, Mborana mwembamba aliyekuwa akipaka magari grisi kwenye gereji ya kona, wakati mimi nilikuwa msichana wa kuwauzia mafundi maandazi. Siku moja alinikuta nimelikodolea macho gari lililopakwa rangi mpya, nikilisifu. Akatandika gunia chini, akaniambia niingie. Nikamwambia nina gauni. Akasema gauni litafuliwa, macho hayafuliwi. "Juu limevaa nguo ya harusi," akasema. "Huku chini ndiyo hali ya nyumbani." Tangu siku hiyo sijawahi kuanza kulitazama gari kutoka juu. Nyinyi mnaanza kwa kupiga picha boneti. Mtalia.

Galgalo pia ndiye aliyenifundisha kuhesabu mara mbili. Hesabu ribiti, zile pini zinazobana bati, ukienda mbele, hesabu ukirudi nyuma. Hesabu zikitofautiana, kosa ni la macho yako. Hesabu zikilingana lakini si zile zinazotakiwa, kosa ni la gari. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hata chapati nazihesabu hivyo. Ni kweli, na hazikuwahi kupotea.

Lakini kuhesabu peke yake hakutoshi, na nitawaambia nilivyojua. Bodi ya landrova ya zamani ni ya bati jepesi lisiloshikwa na sumaku. Bodi ya kughushi mara nyingi ni ya mabati ya kawaida, nayo sumaku huing'ang'ania. Kwa hiyo nilitembea na sumaku mfukoni, nimeiondoa kwenye spika ya redio mbovu, na nilijiona daktari. Akaja mwalimu mmoja kutoka Merti, mpole, amepata landrova ya kununua na anataka nimwangalizie. Nikaipitisha sumaku ubavu mzima, haikushika. Nikamwambia chukua, hii ni yenyewe.

Sumaku haishiki bati lile, sawa. Lakini haishiki fila pia, ule ujiuji wa kuzibia mashimo ya bodi. Ule ubavu ulikuwa umeoza, ukajazwa fila nene kama kimanda, ukasuguliwa, ukapakwa rangi. Mwalimu aliendesha kwenye ile barabara ya mawimbi ya kwenda kwao, na kabla hajafika ubavu ulimwagika barabarani vipande vipande. Baada ya mwezi alirudi, akanisalimu vizuri, akauliza watoto hawajambo, halafu akaweka kipande kimoja juu ya kaunta yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, hii ni ya gari gani?"

Angenitukana ningelala vizuri. Nilimpa ubavu mwingine kutoka stoo, wa kweli, na nikamlipia fundi wa kuufunga. Tangu hapo, baada ya sumaku napiga kwa kifundo cha kidole. Bati linalia kama sufuria tupu. Fila inajibu kama mlango wa mtu asiyetaka wageni. Gonga, sikiliza, gonga hatua moja mbele, sikiliza. Haigharimu kitu isipokuwa ngozi ya kidole.

Vitu vingine nilivijua kwa kuuza. Nati za landrova za kwanza kabisa ni za spana za inchi, tena inchi zenye tabia zao. Ukikuta spana yako ya kumi na tatu inaingia vizuri kila mahali kwenye gari linalodaiwa halijaguswa, jua limeguswa. Bado si uongo hapo, huenda nati zilioza tu. Ni sababu ya kuuliza. Tazama rangi chini ya kiti cha dereva, maana hakuna fundi wa rangi anayepaka pale kwa moyo wote. Kwangua kidogo kwa ukucha utaona umri wa gari kwa matabaka. Namba iliyogongwa kwenye chesi iwe na uvivu kidogo wa mkono wa mtu, tarakimu moja imelala, nyingine imezama. Siku hizi mnaagiza kibao kwa simu, kinakuja kimechongwa na mashine, kila tarakimu imesimama kama mwanafunzi siku ya ukaguzi. Kibao kikiwa kizuri kuliko gari, kiulize kilizaliwa lini.

Basi nikatandika gunia nikaingia chini ya gari la Lokiru.

Nitasema haki yake: alifanya kazi safi. Chesi imepigwa msasa mpaka chuma cheupe, ikapakwa nyeusi, hakuna tone lililoning'inia. Bodi yake ilitoka kwa landrova nyingine na hakuificha. Nikaenda mbele kulia, juu ya springi, mahali namba inapokaa. Namba ilikuwepo, na saba ya mwisho ilikuwa imelala kama inavyotakiwa. Nikaisoma nikienda, nikaisoma nikirudi, nikailinganisha na kitabu. Ndiyo yenyewe. Kwa sheria ya kazi yetu mambo yalikuwa yameisha, maana ni kweli anavyosema, chesi ndiyo gari. Nilimwona Esekon anatazama uso wangu, halafu anatazama mikono yake.

Lakini kidole changu kilikuwa bado kiko pale pale, na kikasikia kitu. Kuzunguka namba, chini ya rangi, kulikuwa na mstari uliovimba kidogo, wa pembe nne, ukubwa wa kiganja. Nikaomba msasa. Nikasugua. Mtu alikuwa amekata kile kipande chenye namba kutoka chesi moja, akakichomelea kwenye chesi nyingine. Kazi ya zamani sana, imeshashika kutu yake ndani ya mshono. Haikuwa kazi ya Lokiru.

Nikakaa pale chini kwa muda, nikijifanya natafuta tochi. Nilikumbuka. Miaka mingi nyuma Mzee Ekal alivunja chesi kwenye mawe ya njia ya Oldonyiro, ikakatika kama muwa. Akaja dukani kutafuta chesi. Nilikuwa nayo moja, ya landrova iliyokufa, ya toleo la baadaye kidogo. Aliniuliza kama ni orijino. Nikamwambia ni orijino. Hakuuliza ya nani.

Kwa hiyo ile chesi ambayo mkubwa alijenga jina lake juu yake, ni mimi niliyeiuza. Cha chesi ya kwanza kilichobaki pale kilikuwa kipande cha chuma ukubwa wa kiganja tu.

Nikatoka, nikajipangusa vumbi, nikaingia chini ya la Esekon. Chesi ya huku ilikuwa imekwanguliwa namba kwa grinda, na alikiri bila kuulizwa mara ya pili kwamba aliinunua kama chuma chakavu. Lakini bodi ililia kama sufuria kila nilipogonga. Namba ya injini ilikuwa ile ya kwenye kitabu. Kibao cha mbele ya dereva kilikuwa kimefifia, ribiti zake za zamani hazijaguswa. Chini ya kiti nikakwangua: kijani cha juzi, halafu kijivu, halafu bluu kali ya ajabu.

"Hiyo ni rangi ya mlango wa kanisa," Mama Lokiru akasema kutoka kwenye kiti chake. "Ilibaki. Mzee akasema isipotee."

Hapo sasa mkubwa ndiye aliyetazama mikono yake.

Pimeni nanyi. Mmoja ana namba ya chesi, ambayo ni kiganja cha chuma. Mwingine ana injini na bodi, juu ya chesi isiyo na jina. Ningeandika neno moja kwa askari, mtu mmoja angeenda nyumbani na namba na mwingine angeenda nyumbani bila ndugu. Nikaomba chai. Nikaamua kuhesabu tena, kwa sababu nisipojua la kufanya ndilo ninalofanya.

Bodi ya landrova hukaa juu ya vikono vya chuma vinavyotoka ubavuni mwa chesi, na kila kikono kina tundu lake la bolti. Nikahesabu matundu ya gari la Lokiru nikienda nyuma, nikahesabu nikirudi mbele. Lilizidi moja. Nyuma kushoto, kando ya tundu la kawaida, palikuwa na jingine limetobolewa kwa mkono, limeinama, mdomo wake mkali, halikushika bolti yoyote. Nikaenda kwa Esekon, nikahesabu matundu ya bodi kutoka chini. Likazidi moja. Nyuma kushoto, limezibwa kwa kipande cha tyubu.

Nikamwambia Makena anipe katoni ya biskuti. Nikakata kipande, nikakibandika kwenye kikono cha gari la Lokiru, nikakisugua kwa penseli mpaka matundu mawili yakajichora. Nikakipeleka kwa Esekon, nikang'oa tyubu, nikakiweka. Michoro ikakaa juu ya matundu bila kubishana. Nikapitisha bisibisi kwenye tundu la huku, ikalalia upande wa kulia. Nikaipitisha kule, ikalalia kulia vile vile.

Ile chesi niliyouza ilikuwa ya toleo jingine. Kikono kimoja hakikuelewana na bodi. Fundi wa Mzee Ekal aliiweka bodi juu, akatoboa zote mbili kwa mpigo mmoja, mkono umepinda. Kiwanda hakikutoboa tundu hilo, na hakuna landrova nyingine duniani inayo. Ni kosa la mtu mmoja, siku moja, na nusu yake iko kwa mkubwa, nusu kwa mdogo.

Nikawaita wote wawili, nikawaonyesha katoni. Nikawaambia na habari ya chesi: kwamba mshono uliopo pale niliuona leo, lakini chuma chenyewe kilitoka dukani kwangu na niliapa ni orijino. Lokiru alivua koti, akalikunja, akaliweka mapajani. Hakuna aliyenitukana. Nikaona afadhali yule mwalimu wa Merti.

"Kwa hiyo ni lipi?" Esekon akauliza. Hata hakusema nimwambie huyu.

Kabla sijajibu Mama Lokiru aliweka kikombe chini. Maneno yake niliyashika kama alivyoyasema.

"Mimi nilikuwa hospitali siku ile. Baba yenu alisema, gari mgawane. Alisema kwa Kiswahili, kwa sababu mambo ya gari alisema kwa Kiswahili siku zote. Gari alijifunza kwa Kiswahili. Lakini kichwa yake ilikuwa ya mtu wa ng'ombe. Ng'ombe ya maziwa si inagawanywa? Leo inakamuliwa nyumba hii, kesho nyumba ile, watoto wote wanakunywa. Sasa nyinyi, nani alileta shoka?"

Wanawe walijifunza Kiswahili shuleni, mahali ambapo kitu kikigawanywa kwa mbili hutoka nusu na nusu. Walilitii neno la baba yao kwa uaminifu wote, na wakalielewa kwa hesabu ya ubaoni. Nikauliza kwa nini yeye hakusema wakati ule. Akasema baada ya mazishi alikwenda kukaa kwa ndugu zake, na aliporudi alikuta bodi iko chini na chesi iko uchi, na wanawe wanajivunia kwamba hawakugombana.

Barua yangu kwa askari ilikuwa fupi. Niliandika kwamba nimekagua magari mawili na nimepata gari moja, liko mahali pawili. Nikaeleza tundu, nikaambatanisha katoni. Nikaeleza mshono wa namba, na kwamba chesi niliuza mimi. Askari alisoma mbele yangu, akaniuliza kama nina hakika sentensi hiyo ibaki. Nikamwambia ibaki. Akasema basi waliunganishe, walipeleke kwa wakaguzi na karatasi zote na hadithi yote, wasifiche kitu, na namba ya ziada wamletee mkononi. Akaongeza siku kumi.

Kuliunganisha kulikuwa rahisi kuliko kukubaliana. Hapo ndipo nilipofanya biashara ngumu kuliko zote, na sikuwa nauza kitu. Lokiru alitaka kitabu kikae Oldonyiro na gari lilale huko kila Jumapili. Esekon alitaka kila siku ya safari ya Merti, na siku ya soko juu yake. Nikaanza mbali kama kawaida, nikamwambia mkubwa atapata Jumapili za mwezi mzima lakini mafuta ni yake. Nikamwambia mdogo atapata Merti yote lakini akibeba mbuzi aoshe. Chupa mbili za chai zikaisha. Tukafika kwenye wiki mbili mbili, kitabu kikae kwa mama, na kila anayekabidhi gari alikabidhi likiwa na mafuta ya kufika kwa mwenzake. Hiyo ya mwisho niliisukuma mimi. Wakamuzi wa ng'ombe mmoja lazima waonane.

Jumamosi tukakusanya watu wanane uani kwangu. Tukaivua bodi ya kijani kutoka chesi isiyo na jina, tukaibeba kama jeneza la tajiri, tukaishusha polepole juu ya chesi nyeusi ya Lokiru, iliyokwisha kuvuliwa bodi yake ya rangi ya maziwa. Bolti za mbele ziliingia zenyewe. Za katikati zilihitaji nyundo na maneno machache ambayo mzee wa kanisa hakuyasikia. Ikabaki ile ya nyuma kushoto, ya tundu lililoinama. Ile haiingii ikisukumwa wima. Lazima wa chini ailalishe na wa juu amwambie inavyokuja.

Lokiru alikuwa chini, mgongo kwenye gunia langu, mikono ya shati imekunjwa. Esekon alikuwa juu, amepiga magoti ndani ya bodi, jicho kwenye tundu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati.

"Mama," Esekon akasema, "mwambie ailalishe kulia."

Nilikuwa na nati kiganjani, nikazigeukia kama mtu mwenye shughuli. Wale wanaume wanane nao wakaanza kutazama mawingu, ambayo hayakuwepo. Bolti ikagonga chuma, ikakataa. Ikagonga tena.

"Kaka," Esekon akasema. "Ilalishe kulia."

Chini, Lokiru akaigeuza bolti kiganjani.

"Namna hii?"

"Kidogo tena. Hapo. Sukuma."

Chuma kikasugua chuma, na ncha ya bolti ikatokeza juu ikiwa imeinama.

"Imefika?" Lokiru akauliza kutoka chini.

"Imefika."

"Nati unayo?"

Esekon akaninyooshea mkono bila kunitazama, nikamwekea moja.

"Ninayo."

"Basi kaza," mkubwa akasema. "Nimeshika."